Mashine haikuuliza kilo: kusoma majibu ya kipimo cha mapafu kwa mwenye kitambi na kwa aliyekonda

Swali, kutoka kwa msomaji wa Tororo, Uganda: «Daktari, shikamoo. Mume wangu ni dereva wa lori, miaka 46, urefu sentimita 171, kilo 119, kiuno sentimita 128. Akipanda ngazi anatweta, na usiku anakoroma hadi watoto wanaamka. Walimpulizisha mashine mara mbili, akiwa ameketi na mkanda wake umekaza. Mara ya kwanza lita 2.98, ya pili 2.61. Karatasi inasema FVC 2.98 (71%), FEV1 2.44 (73%), uwiano 0.82, na chini wameandika kwamba mapafu yamesinyaa. Mama yangu naye, miaka 64, alitibiwa TB akamaliza dawa, amepika kwa kuni maisha yake yote, mgongo umepinda, kilo 42, urefu sentimita 149. Yeye FVC yake ni 88%, wakaandika "kawaida", lakini hawezi kubeba hata ndoo ya maji. Inakuwaje mwenye nguvu aonekane mgonjwa na aliyechoka aonekane mzima? Mafuta yameingia kwenye mapafu? Na mbona mashine haikujali kilo?»

Marahaba, dada. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua mengine.

Ni kweli, mashine haijali kilo. Hata pale mpimaji anapoziandika, hutumika kukokotoa BMI tu (kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe), na BMI hiyo haiingii katika hesabu ya asilimia unayoiona. Matarajio ya kila mtu hutokana na umri, jinsia na urefu. Hilo lilifanywa kwa makusudi. Kama uzito ungeingizwa, mtu wa kilo 119 angelinganishwa na watu wengine wa kilo 119, pumzi yao iliyopungua ingeitwa kawaida, na madhara ya uzito yangefichwa ndani ya hesabu. Mfumo huu unamlinganisha mumeo na mwanamume mwenye afya wa umri na urefu wake, kisha unamwachia msomaji wa karatasi kazi ya kuuliza upungufu umetoka wapi. Kazi hiyo ndiyo iliyorukwa mlipopimwa.

Tuielewe karatasi kwanza. FVC ni hewa yote anayoweza kuisukuma nje kwa nguvu baada ya kujaza kifua hadi mwisho. FEV1 ni sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde ya kwanza. Uwiano ni FEV1 ikigawanywa kwa FVC. Uwiano ukishuka, njia za hewa zimebana, kama kwenye pumu au ugonjwa sugu wa mapafu wa moshi na sigara. Uwiano ukiwa mzuri huku FVC ikiwa chini, inashukiwa kwamba mapafu au kifua havijai vya kutosha. Neno ni «inashukiwa». Mashine ya kupuliza huona hewa inayotoka tu. Haioni ile inayobaki ndani baada ya mtu kuishiwa pumzi. Ili kuthibitisha kusinyaa, lazima upimwe ujazo mzima wa mapafu, kwa chumba maalumu cha kioo au kwa njia ya gesi. Wanaoonyesha sura kama ya mumeo, FVC chini na uwiano mzuri, wakipimwa ujazo mzima ni kama nusu tu ndio huthibitika kwamba mapafu yao yamepungua kweli. Kwa hiyo aliyeandika «yamesinyaa» kwa kuangalia karatasi hiyo peke yake amekimbilia hukumu.

Kuna tatizo jingine la mapema zaidi: kipimo cha mumeo hakikukamilika. Kanuni za kimataifa za mwaka 2019 zinataka pumzi tatu zilizokubalika angalau, na mtu mzima anaweza kujaribu hadi mara nane. Kati ya hizo, mbili bora lazima zikaribiane ndani ya mililita 150, kwa FVC na kwa FEV1 pia. Yeye alipuliza mara mbili, na tofauti ni mililita 370. Maana yake hatujui uwezo wake, tunajua tu kwamba si chini ya 2.98. Ningekuwa nyie, nisingemeza dawa wala kukosa usingizi kwa namba hizo kabla hazijarudiwa.

Sasa kitambi. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka unapovuta pumzi. Tumbo lililojaa mafuta hukisukuma juu muda wote, na mafuta ya ukuta wa kifua huzifanya mbavu ziwe nzito kupanuka. Kinachoumia kwanza ni akiba: ile hewa inayobaki unapomaliza kutoa pumzi ya kawaida, ambayo bado ungeweza kuisukuma nje ukitaka. Mtu wa BMI 30 kwa wastani hubakiwa na asilimia 47 tu ya akiba hiyo ukimlinganisha na mtu wa BMI 20, na jumla ya hewa inayokaa kifuani mwisho wa pumzi ya kawaida hushuka hadi asilimia 75. Hao ni wa BMI 30, wanene wa kawaida kabisa utakaowakuta kwenye kila harusi. Mumeo ana 40.7.

Matokeo yake ni kwamba anapumua karibu na sakafu ya mapafu yake. Vijia vidogo vya hewa chini ya mapafu hufunga kabla pumzi haijaisha, damu inayopita huko hukosa oksijeni ya kutosha, na kila pumzi hugharimu nguvu zaidi. Anatweta kwenye ngazi hata kama nyama ya mapafu ni nzima. Lakini angalia jambo linalowachanganya wengi: akiba hiyo haionekani vizuri kwenye karatasi ya kupuliza. FVC huanza juu kabisa, kifua kikiwa kimejaa, na kujaza kifua ndicho kitu ambacho mnene bado anakiweza kwa kiasi kikubwa. Ujazo mzima wa mapafu kwa kawaida hubaki ndani ya mipaka hata kwa mtu mnene sana. Uwiano nao hubaki ulivyo au hupanda kidogo, kwa kuwa FEV1 na FVC hushuka pamoja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaomwambia kila mwenye kitambi «punguza uzito, ni mafuta tu». Unene hushusha FVC, ndiyo, lakini mara nyingi kidogo. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2007 ulipata kwamba kila sentimita moja ya kiuno iliendana na upungufu wa mililita 13 za FVC na 11 za FEV1 kwa wastani. Kiuno cha mumeo ni sentimita 128. Tuseme kingekuwa 98: tofauti ni sentimita 30, na mara 13 inakuwa mililita 390. Ukirudi kwenye karatasi, 2.98 ikiwa ni 71%, alitarajiwa kuwa na lita 4.2 hivi, yaani amepungukiwa lita 1.2. Kitambi kinaeleza kama theluthi. Wastani wa watu wengi haumpimi mtu mmoja, na ninyi si Wakanada, kwa hiyo msiifanye hesabu hii kuwa hukumu. Inatosha kutuambia kwamba theluthi mbili zilizobaki zinahitaji maelezo.

Maelezo ya kwanza ni namna alivyopuliza. Asipojaza kifua hadi mwisho kabla ya kusukuma, FVC na FEV1 hushuka pamoja na uwiano hubaki mzuri: sura ileile ya mapafu yaliyosinyaa, imetengenezwa na pumzi fupi. Mkanda uliokaza juu ya tumbo hufanya hivyohivyo. Akikatisha mapema ni hatari ya aina nyingine: FVC hupungua, FEV1 hubaki ilivyo, kwa hiyo uwiano hupanda na ugonjwa wa njia za hewa hujificha nyuma yake. Kama mumeo anavuta sigara, au alikulia jikoni kwenye moshi, uwiano wa 0.82 kutoka kwa pumzi iliyokatwa haunitulizi hata kidogo. Mtazame mchoro wa pumzi dhidi ya muda: mstari unapaswa kupanda kisha kulala, uongezeke chini ya mililita 25 katika sekunde nzima ya mwisho, au aendelee kusukuma hadi sekunde 15. Mstari ukikatika ungali unapanda, kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu FVC.

Maelezo ya pili ni mlinganyo uliomo ndani ya mashine, yaani kanuni inayokokotoa matarajio. Ile milinganyo ya kimataifa ya mwaka 2012, inayoitwa GLI, ilikuwa na makundi ya rangi, na kundi la weusi lilitokana na data za Wamarekani weusi. Kundi hilo lilitarajiwa kuwa na ujazo mdogo kwa kama asilimia 15 kuliko wazungu. Mwaka 2023 jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani ilipendekeza kuacha rangi na kutumia mlinganyo mmoja wa wote. Namba za mumeo zinaelekea kutoka kwenye huo wa pamoja. Pumzi hiyohiyo kwa mlinganyo wa zamani wa weusi ingefika karibu 78%, yaani pale pale mpakani. Mapafu ni yaleyale, karatasi mbili tofauti. Ndiyo maana mkirudia kipimo mwaka ujao kwenye hospitali nyingine, linganisheni lita kwa lita, na muulize mlinganyo uliotumika kabla ya kulia au kushangilia.

Kuhusu mpaka wenyewe: achana na 80% kama mstari wa kukata kwa kisu. Kinachoangaliwa siku hizi ni alama z, yaani namba inayoonyesha mtu yuko mbali kiasi gani na wastani wa watu wenye afya wanaofanana naye, na mpaka wa chini ni −1.645, ambapo hata watu wazima wa afya 5 katika 100 huangukia chini yake. Kati ya hapo na −2.5 upungufu huitwa mdogo, hadi −4 wa kati, zaidi ya hapo mkali.

Ulisema pia kilo, na mimi nimekujibu kwa kiuno. Si bahati mbaya. BMI haitofautishi mafuta na misuli. Mchezaji wa ragi mwenye BMI 31 ya mapaja na mabega hupuliza vizuri, maana misuli huongeza pumzi. Mwenye BMI 31 ya kitambi na mikono myembamba hupata hasara mbili, tumbo linalosukuma kiwambo na misuli dhaifu ya kulisukuma. Mafuta ya tumboni hudhuru pumzi kuliko ya nyonga. Futi kamba ya fundi cherehani, ikizungushwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kawaida, inaeleza mapafu vizuri kuliko mizani.

Na mafuta kuingia mapafuni? Sehemu kubwa ya madhara hutoka nje, kwenye tumbo na kifua. Lakini swali lako si la kipuuzi: uchunguzi wa mapafu ya marehemu uliochapishwa na watafiti wa Australia mwaka 2019 ulikuta mafuta ndani ya kuta za njia za hewa, na yaliongezeka kadiri BMI ilivyopanda.

Sasa mama. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi, na limejificha kwenye urefu.

Mgongo uliopinda humfanya asimame sentimita 149. Mashine ikaamini ni mtu mfupi, ikamtarajia pumzi ndogo, na pumzi yake ndogo ikaonekana inatosha. Pumzi inayotarajiwa hupanda kwa kasi kuliko urefu wenyewe, zaidi ya urefu kuzidishwa kwa urefu, hivyo kosa la sentimita chache hukua. Dawa yake ni rahisi: mwambie asimame mgongo ukiegemea ukuta, anyooshe mikono usawa wa mabega, mpime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili. Tuseme mnapata 166. Kanuni ya zamani hugawa kwa 1.06, nayo hutoa karibu 157. Uhusiano wa mikono na urefu hutofautiana kati ya jamii, kwa hiyo mpimaji aandike wazi kwamba ametumia mikono. Kwa urefu wa 157 ile 88% inashuka hadi takriban 78%.

Kosa hilohilo limeficha na wembamba wake. Kilo 42 kwa sentimita 149 ni BMI 18.9, inayopita kama kawaida. Kwa 157 ni 17.0, amepungukiwa uzito. Namba moja isiyo sahihi imemtakasa mara mbili.

Kwa mtu aliyekonda baada ya TB, kinachopungua ni misuli, ikiwemo ya kupumua. Kiwambo dhaifu hakijazi kifua, na misuli dhaifu ya kutolea haimalizii hewa, kwa hiyo FVC hushuka kutoka juu na kutoka chini. Dalili zake: pumzi hazifanani kila akipuliza, mchoro hauna kilele kikali, kikohozi chake ni hafifu. Mahali palipo na kifaa, hupimwa nguvu ya kuvuta na kusukuma mdomoni. Pasipokuwepo, FVC ipimwe ameketi kisha amelala chali; kushuka kwa zaidi ya asilimia 25 anapolala kunaelekeza kwenye udhaifu wa kiwambo. Usilitumie jaribio hilo kwa mumeo kwa wepesi huohuo, maana akilala, kitambi chenyewe humshushia pumzi.

Makovu ya TB na moshi wa kuni navyo vipo. Kule Masindi, watafiti waliwapima watu 588 wa zaidi ya miaka 30 na kukuta asilimia 16.2 wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wanawake kwa wanaume, katika jamii ambayo karibu wote waliishi na moshi wa kuni. Mama apigwe picha ya kifua, apimwe tena kabla na baada ya dawa ya kufungua njia za hewa: salbutamol mikrogramu 400, yaani mipulizo minne, mmoja mmoja, kupitia chupa ya kupulizia, kisha asubiri dakika 15. Kama anakohoa upya, ana homa za jioni au anazidi kukonda, kwanza apimwe makohozi; hapulizi mashine ya watu wengine mpaka TB iondolewe kwenye mashaka. Na mwambieni mhudumu kwamba aliwahi kutibiwa, kwa sababu GeneXpert, kile kipimo cha makohozi kinachotafuta vinasaba vya TB, inaweza kugundua mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa, na kuotesha makohozi ndiko kunakomaliza ubishi.

Mkienda kurudia kipimo, iwe hospitali ya rufaa ya mkoa au kitengo cha mapafu kule Mulago, fanyeni hivi. Asile chakula kizito saa mbili kabla. Sahani ya matoke na karanga juu ya kitambi hicho inatosha kumnyima pumzi. Sigara aache saa moja kabla, pombe saa 8. Kama ana bomba la salbutamol, asilitumie kwa saa 4 hadi 6, isipokuwa akibanwa. Mkanda ufunguliwe, na mama akivaa gomesi, kile kitambaa cha kiunoni kilegezwe. Viatu na kofia vivuliwe wakati wa kupima urefu, visigino viguse ukuta. Sentimita 3 za soli humwongezea mumeo matarajio kwa asilimia 4 hivi, na asilimia yake hushuka bila sababu. Meno ya bandia yanayokaa vizuri yabaki mdomoni.

Aketi wima kwenye kiti chenye mikono kisicho na magurudumu, miguu chini. Wanene wengi hujaza kifua zaidi wakisimama, kwa hiyo mumeo anaweza kupimwa amesimama, kiti kikiwa nyuma yake asije akapata kizunguzungu akaanguka. Mkao uandikwe, na mara nyingine utumike uleule. Muulizeni mpimaji kwa adabu kama mashine imehakikiwa siku hiyo kwa bomba la lita 3. Swali hilo halimtukani mtu anayeijua kazi yake.

Kipimo kikirudiwa vizuri na FVC ya mumeo ikapanda hadi karibu na mpaka, uwiano ukabaki mzuri na picha ya kifua ikawa safi, basi unene ni maelezo ya kutosha, na msimruhusu mtu amwandikie bomba la pumu kwa sababu ya kutweta tu. Pumu idaiwe ushahidi: njia za hewa zifunguke baada ya salbutamol kwa zaidi ya asilimia 10 ya matarajio yake, au kubana na kuachia kwake kuonekane siku tofauti. Ikibaki 71% kwa pumzi tatu nzuri, apimwe ujazo mzima. Si kila hospitali ina kifaa hicho. Pigeni simu kwanza kabla ya kulipa nauli. Akiba ya chini na ujazo mzima ulio sawa ni alama ya kitambi. Ujazo mzima ukiwa chini ya mpaka, tafuteni ugonjwa: makovu, maji kwenye kifua, moyo, misuli.

La mwisho ndilo ningelifanya wiki hii, kabla ya mashine yoyote. Mtu wa BMI 40 anayekoroma namna hiyo huenda pumzi inakatika usingizini, na kipimo cha kupuliza hakiwezi kuonyesha hilo hata kikiwa kizuri kiasi gani. Usiku sikiliza kama mkoromo unanyamaza ghafla kisha anashtuka akivuta hewa. Mchana muulize kama husinzia akisubiri foleni ya Malaba au, Mungu apishe mbali, akiwa kwenye usukani. Apimwe oksijeni kwa kifaa cha kidole na bikaboneti ya damu. Bikaboneti ikiwa chini ya 27, uwezekano wa hewa chafu (kaboni dioksidi) kujikusanya mwilini ni mdogo, na ikifika 27 au zaidi anahitaji kipimo cha gesi za damu. Kama husinzia barabarani, lori liendeshwe na mwenzake mpaka apimwe.